Ramani ya Vivuli

Tulishuka kutoka Yécora alfajiri,
misonobari ikiwa bado na ukungu nyweleni,
baba, mama, Zulema na mimi
na ndoo ya barafu niliyopewa niipakate
kama mtoto mchanga wa jirani.
Kona mia tatu na ushei za mlimani.
Nilitapika mara mbili. Zulema, hata mara moja:
alikuwa na folda ya vyeti kifuani
na uso wa mtu anayekwenda kuapishwa.

Saa tatu barafu ilikuwa maji.
Saa nne maji yalikuwa vuguvugu.
Hermosillo ikatupokea kama tanuri
lililofunguliwa na mtu asiyejua kama mkate umeiva.
Juu ya benki, tarakimu nyekundu: arobaini na sita.
"Hiyo ni bei ya nini?" mama aliuliza,
na hatukucheka, maana hakuwa anatania.

Chuoni tulipewa kijana, Everardo, mwaka wa tatu,
aliyetembea kinyumenyume akitueleza:
hapa maktaba, hapa maabara ya mawe,
hapa ndipo wanapopigia picha wakihitimu.
Zulema aliandika yote, hata jina la paka wa maktaba.
Mama alikuwa na swali moja tu:
"Maji ya kunywa yako wapi?"
Akaonyeshwa. Akaenda. Akayaonja kwanza yeye,
kama alivyokuwa akionja uji wetu.

Baba hakuuliza.
Baba wa kiwanda cha mbao,
ambaye kwetu aliusoma mti kwa kuugonga kwa vifundo,
alibaki nyuma, midomo ikichezacheza.
Nilidhani anasali.
Alikuwa anahesabu hatua.

Sabini na moja toka lango hadi mti wa kwanza,
na mti wenyewe, lo, kivuli cha chandarua,
shina la kijani, majani hayatoshi kumsitiri mbwa.
Mia mbili na kumi na mbili toka hapo hadi jengo la jiolojia,
jua tupu, sakafu nyeupe.
Hapo alisimama, akavua kofia, akaivaa tena.
"Baba, twende," Zulema alinong'ona,
akiangaza kama kuna wasichana wa mjini wanaotuona.
Walikuwepo. Wawili. Walikuwa wanatuona.

Tulikula kibandani ng'ambo ya barabara,
tortilla pana kama shuka la mtoto, nyama ya kuchoma,
barafu ya kukwangua yenye sharubati ya ukwaju.
Baba akaomba kalamu,
akakunjua karatasi iliyofungiwa nyama,
akachora upande usio na mafuta.
"Saa mbili asubuhi, shika ukuta wa maktaba.
Saa sita hakuna kitu; kaa darasani hata kama somo limekwisha.
Saa tisa jengo la sheria linaanza kulala upande huu.
Lifuate."
Alisema lifuate kama anavyosema juu ya ng'ombe.

Zulema aliikunja mara nne bila kuitazama,
akaitia nyuma ya vyeti.
Njia nzima ya kurudi hakuna aliyetaja ada.
Ada ilikaa nami kiti cha nyuma,
ndani ya ndoo tupu,
ikigongagonga kila kona.

Miaka saba baadaye, zamu yangu.
Alinirithisha folda. Karatasi ilikuwemo bado,
imetoboka kwenye mikunjo yote minne
kwa kukunjuliwa na kukunjwa.
Nikaifuata. Ukuta wa maktaba, kweli.
Jengo la sheria, kweli, lilikuwa limelala.
Saa kumi nikafika mahali baba alipoandika
kwa herufi kubwa za kiwandani:
MTI MZURI. PUMZIKA.

Palikuwa na kisiki, na baiskeli tatu zimefungwa.
Nikainama, nikakigonga kwa vifundo.
Kisha nikasimama pale juani,
nikapumzika.